D ya Mwaka Kumi na Moja

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Watu wa Nordby wananijua hivyo tangu nilipokuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha jibini, na Klabu ya Sarafu imenivumilia kama mwenyekiti kwa miaka ishirini na sita kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka kazi yenyewe. Tunakutana Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, tukinywa kahawa nyepesi hadi unaona kitako cha kikombe. Mezani kwangu huwa kuna kopo lenye tundu kwenye kifuniko. Hilo ni kopo la faini. Ukigusa uso wa sarafu kwa kidole, robo dola. Sarafu inashikwa ukingoni, kwa vidole viwili, basi. Alama ya kidole ikishakauka juu ya dhahabu, hiyo imeoa na haitoi talaka. Marehemu mke wangu Joyce alilipa. Mchungaji amelipa, tena mara mbili, na mara ya pili alinuna.

Mtu pekee ambaye hajawahi kulipa hata mara moja ni Arlo Tesdahl.

Arlo aliendesha lori la maziwa miaka arobaini, ana mikono kama makoleo, lakini mpe sarafu uone anavyoishika! Kama mtu aliyepewa kitoto cha ndege. Yeye anakusanya kitu kimoja tu: zile sarafu ndogo za dhahabu za dola mbili na nusu, zenye chifu aliyevaa manyoya ya tai kichwani upande mmoja, na tai mwenyewe upande wa pili. Zilitengenezwa miaka michache tu, na ukizitaka zote ni kumi na tano. Uzuri wake ni kwamba picha haikuinuka kama kwenye sarafu nyingine. Imezama ndani, imechimbwa. Enzi zile watu walilalamika kwamba uchafu utajificha kwenye mashimo na kuwaletea maradhi. Arlo hupenda kusimulia hilo huku anakula, ili kutuudhi.

Arlo alikuwa nazo kumi na nne. Ya kumi na tano, ya mwaka 1911 yenye herufi ndogo D ya kiwanda cha Denver, ndiyo ngumu kuliko zote, na katika wilaya yetu nzima ilikuwepo moja tu. Ilikuwa yangu.

Niliinunua mwaka tisini na nne kwa pesa tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya paa jipya. Joyce hakuniongelesha wiki mbili. Kampuni ya wapimaji ilikuwa imeshaichunguza, ikaipa alama sitini na mbili kati ya sabini, ikaifungia kwenye kisanduku cha plastiki ngumu kisichofunguka mpaka ukivunje, na juu yake ikaweka karatasi: 1911, D hafifu. Wenye ujuzi wanajua maana yake. Denver walipokuwa wakigonga sarafu zile, muhuri ulichoka, na kwenye baadhi yake ile D ikafifia hadi karibu na kutoweka. Lakini ipo. Karatasi inasema ipo.

Sasa nitakiri jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata Joyce. Mimi ile D sijawahi kuiona. Nimeitafuta kwa kioo cha kukuzia, kwa taa ya mezani, kwa jua la asubuhi dirishani, nimeigeuza huku na huku mpaka shingo ikaniuma. Mara naona kivuli, mara sioni kitu. Niliamini karatasi, nikakaa kimya, nikawa mwenyekiti.

Arlo alininusa zamani. Kila mkutano, nikishagonga meza tu, alikuwa anauliza kutoka nyuma kwa sauti ya upole kabisa, "Mwenyekiti, samahani. D imeshaota?"

Chumba kizima kinacheka. Nami jibu langu lilikuwa moja, miaka nenda miaka rudi: "Inaonekana kwa wenye macho, Arlo."

Mwezi wa kwanza mwaka huu aliuliza, nikajibu, watu wakacheka. Arlo hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaanza kupapasa meza akitafuta kofia yake, na kofia ilikuwa mbele yake pale pale. Mimi nikaendelea na ajenda. Siku iliyofuata mkewe Marvel akanipigia simu akaniambia kwamba macho ya Arlo yanazimika. Yanazimika katikati, pembeni anapata mwanga kidogo, lakini kile anachokitazama ndicho kinachopotea. Uso wa mkewe umeshapotea.

"Alitaka kuwaambieni jana," akasema Marvel. "Akasema hakupata nafasi."

Nilikata simu nikakaa chini. Inaonekana kwa wenye macho! Mdomo huu ungekuwa na mlango ningeupiga kufuli.

Mwezi wa pili hakuja. Mwezi wa tatu hakuja. Halafu Alhamisi moja, theluji ikiwa imeanza kugeuka tope, Marvel akapiga tena. "Shemeji, njoo. Anaziuza. Schuelke, yule mnunuzi wa sarafu, anatoka La Crosse Jumamosi saa nne asubuhi, anachukua zote."

"Zote kumi na nne?"

"Zote. Nami sijali dhahabu, shemeji, unanijua. Lakini tangu aamue, anakaa kwenye kiti chake ameelekea ukuta. Haulizi chakula ni nini. Jana nilimtengenezea mkate wa matunda, akala kama anakula karatasi. Zikitoka zile, sijui kitakachomwamsha asubuhi."

Nilikwenda na hasira zangu. Nikamkuta kweli ameelekea ukuta, shati limefungwa vifungo kombo, na sanduku la sarafu liko mezani limefungwa kamba, tayari kwa safari.

"Ndiyo nini hii?" nikamwambia. "Miaka thelathini unakusanya, leo unampa Schuelke? Schuelke, Arlo! Yule anayekuuzia kioo cha kukuzia halafu anakukodisha taa!"

"Na wewe habari za asubuhi," akasema Arlo.

"Usiniletee habari za asubuhi. Kwa nini?"

"Kwa sababu nikifa, Marvel ataachiwa mzigo asioujua. Na kwa sababu sizioni."

"Si nipo mimi? Nitakuwa nakuelezea." Nikafungua kamba, nikatoa ya kwanza, nayo imefungiwa kwenye kisanduku cha plastiki kama yangu. "Tazama, yaani, sikiliza. Hii ya mwaka wa nane. Dhahabu imepiga wekundu kidogo pale kwenye shavu. Manyoya yote yamekaa..."

"Verlyn."

"Nini?"

"Nipe mkononi." Nikampa. Akakipapasa kile kisanduku, mbele, nyuma, akakirudisha. "Nipe nyingine." Nikampa ya mwaka wa ishirini na tano. Akaipapasa, akarudisha. "Sasa changanya, unipe moja uniulize ni ipi. Ni plastiki, bwana. Nimekusanya vipande kumi na vinne vya plastiki. Ungeweza kuniwekea vifungo vya koti humo ndani nikakushukuru."

"Basi unakata tamaa."

"Nimechoka. Si kitu kimoja hicho."

Nikamwambia ni mwoga. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Nilikuwa nangojea anirudishie. Nilikuwa nangojea aniulize D imeshaota, nami safari hii ningemjibu vizuri, haki ya Mungu ningemjibu vizuri. Hakuuliza. Alisema tu, "Funga mlango vizuri ukitoka, baridi inaingia." Marvel alinisindikiza hadi kwenye gari.

Ijumaa nzima nilizunguka nyumbani nikigombana na vyombo. Ningemwomba Arlo tuvunje visanduku vyake ili aziguse sarafu zenyewe, angekataa. Na kusema kweli sikuwa na haki. Mimi ndiye niliyewahubiria watu wa Nordby miaka ishirini na sita kwamba sarafu iliyopimwa haivunjwi. Ukivunja kisanduku umeitupa ile alama, umetupa karatasi, umerudi kwenye neno lako mwenyewe, na neno la mtu mwenye sarafu ya dhahabu mkononi halina soko. Sasa neno langu lilikuwa nini? Kwamba kuna D ambayo sijawahi kuiona.

Jumamosi saa mbili asubuhi niliingia gereji. Nikaitandaza taulo ya Joyce juu ya meza ya kazi, nikaizungushia sarafu yangu ya mwaka kumi na moja, nikachukua koleo la kukatia waya. Mkono ulitetemeka, na mimi nimefungua mashine za moto bila kutetemeka. Liwalo na liwe, nikasema, nikabana pembe ya kwanza. Plastiki ililia kama mfupa. Nikabana ya pili. Nikaingiza bisibisi kwenye ufa, nikasukuma, kikapasuka chote, na sarafu ikaruka, ikagonga meza, ikaviringika hadi chini ya kopo la misumari. Lo! Nilipiga magoti kwenye sakafu ya baridi mimi mtu wa miaka sabini na tatu, nikimwita Mungu na Joyce kwa zamu. Niliikuta imesimama kwa ukingo kwenye ufa wa saruji. Haikuchubuka.

Nikaitazama. Miaka thelathini na kitu sikuwahi kuiona bila kioo cha plastiki katikati. Nikaitafuta D. Sikuiona.

Nilifika kwa akina Tesdahl saa tatu na nusu. Marvel alikuwa anaosha vikombe kwa ajili ya Schuelke. Arlo alikuwa mezani safari hii, shati limefungwa sawasawa, kama mtu anayesubiri mazishi.

"Kanawe mikono," nikamwambia.

"Umekuja kunitukana tena?"

"Kanawe mikono, Arlo. Kwa sabuni. Ukaushe vizuri."

Alikwenda, labda kwa uchovu wa kubishana. Aliporudi nikamwambia afungue kiganja, nikaiweka pale. Ndogo, nzito kuliko unavyodhani, bila kitu juu yake. Arlo alishtuka hadi bega likaruka. Akaikamata haraka ukingoni kwa vidole viwili.

"Iko wazi," akasema.

"Iko wazi."

"Verlyn, umeivunja ya nani?"

"Ya kwangu. Gusa."

"Uso wake?"

"Uso, mgongo, popote. Gusa, bwana, kabla sijabadili mawazo!"

Aliguna kidogo. Halafu akaushusha ule ukucha mkubwa wa dereva wa lori, akauondoa, akaleta ncha ya kidole. Nilimwona anaingia ndani ya ile picha. Kwa sababu imechimbwa, unaona. Kidole hakitelezi juu yake, kinatumbukia. "Hapa ni shingo," akasema polepole. "Hili shavu. Subiri. Manyoya, moja, mawili... Marvel! Njoo, Marvel, manyoya yanahesabika!" Marvel alikuja na kikombe chake na povu, akasimama nyuma ya kiti.

Kidole kikazunguka ukingo. Kilipofika upande wa kulia kikasimama. "Kuna uzi," akasema. "Hapa ukingoni umeinuka uzi mwembamba, unatoka juu mpaka chini. Hizi za Denver za mwaka kumi na moja ndizo zenye uzi upande huu." Uso wake ulikuwa umegeuka. Hakuwa ananitazama mimi wala ukuta. Alikuwa anatazama huko kidole kilikokuwa. "Mwenyekiti, umeniletea ya kumi na moja?"

"Igeuze," nikasema.

Aliigeuza. Akampita tai, bawa, mguu, akafika kwenye ule mshale anaoukanyaga. Kushoto kwa ncha ya mshale ndipo D inapokaa. Na hapa nieleze kidogo: kwenye sarafu ile yote, kila kitu kimezama, isipokuwa hiyo D. Herufi ile iligongwa kwa namna yake, ikatokeza juu. Ni kitu kimoja tu kilichoinuka kwenye uwanda wote ule, kidogo kuliko kichwa cha sindano, tena kwenye yangu kimefifia.

Kidole kilikwenda, kikarudi. Kikaenda tena. Nami nikashindwa kuvumilia.

"Sikiliza, Arlo. Usijisumbue. Mimi sijawahi kuiona. Tangu mwaka tisini na nne. Nilikuwa nawadanganya, niliamini karatasi tu, na wewe ulikuwa sahihi siku zote. Na lile neno la mwezi wa kwanza..."

"Nyamaza."

"Nakuomba radhi, ndicho ninachosema. Lile neno..."

"Verlyn, kwa mara moja katika maisha yako, nyamaza!"

Nikanyamaza. Kidole kikasogea kwa upana wa unywele, kikarudi, kikatulia. Kisha nikaona mdomo wa Arlo unaanza kupinda upande, ule upindaji niliokuwa nauona kutoka meza ya mbele miaka yote, kabla hajaniaibisha mbele ya watu.

"Mwenyekiti," akasema. "Imeota."

Sikuficha. Nililia pale mezani, puani na kila mahali, na Marvel akanipa taulo ya vyombo, na yeye mwenyewe alikuwa hajiwezi. Arlo hakulia. Alikuwa anairudia ile D kila baada ya muda, anaondoka kidogo, anarudi kuiangalia kama bado ipo.

Hapo ndipo mlango ukagongwa. Schuelke aliingia na begi lake, akafuta viatu, macho yakaenda moja kwa moja kwenye kiganja cha Arlo. Akaona dhahabu, akaona kidole kilichokuwa juu ya dhahabu.

"Mnafanya nini?" akasema. "Nani kaitoa kwenye kisanduku? Ala! Mnajua mmetupa alama yake?"

"Imetupwa," nikasema. "Sitini na mbili. Niliiacha gereji."

"Na anaipapasa!"

"Bwana Schuelke," akasema Arlo kwa ile sauti yake ya upole kabisa, "pole kwa safari. Siuzi. Lakini kaa, Marvel kaoka, na gari lako nadhani lina koleo."

"La nini?"

"Nina visanduku kumi na vinne vya kufungua, na huyu Mwenyekiti mikono inamtetemeka. Nilihisi aliponiwekea sarafu kiganjani."

Schuelke alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyekosea nyumba. Halafu, sijui ni mkate au ni nini, alivua koti. Mpaka saa sita mchana tulikuwa tumezifungua zote, karatasi zote za wapimaji tumezibandika kwenye daftari kwa mfuatano wa miaka, na Arlo anazipokea moja moja. Ya mwaka wa ishirini na tano aliijua kwa D yake nono. Ya mwaka wa kumi na nne aliikosea mara mbili, akakasirika, akaidai tena. Alikula vipande vitatu vya mkate na kumuuliza Marvel kama kulikuwa na zabibu humo ndani au anaota. Yangu ilikuwa imeshaingia katika safu yao, ya tano kutoka kushoto, na niliiacha pale. Alisema ni kwa mkopo. Nikasema ndiyo, ni mkopo, ataurudisha akishaacha kunichokoza.

Jumanne ya pili ya mwezi wa nne Arlo alikuja kanisani ameshika mkono wa Marvel. Watu walisimama. Niligonga meza, nikafungua mkutano, na kabla sijasoma ajenda nikaisikia kutoka nyuma.

"Mwenyekiti, samahani. Macho yako yameshaota?"

Watu waligeuka kunitazama. Walijua habari, Nordby ni ndogo. Wakawa hawajui kama inaruhusiwa kucheka.

"Bado, Arlo," nikasema. "Jana nimeitazama tena kwenu kwa taa ya Marvel. Sioni kitu."

"Basi njoo huku."

Nikaenda. Alitoa ile sarafu kwenye kitambaa, akaigeuza upande wa tai, akanikamata mkono. Akakichagua kidole cha shahada, akakivuta, nikajikuta nakaza, mwili mzima unakataa, maana miaka yote hiyo sikuwahi. "Legeza," akasema. "Haiumi." Akakilaza kidole changu juu ya dhahabu, akakisogeza kushoto, kidogo, kidogo tena.

Pale palikuwa na kitu. Kadogo, kagumu, kama chembe ya chumvi.

"Umeipata?"

"Nimeipata," nikasema.

Arlo akanyoosha mkono, akapapasa meza, akalipata kopo la faini ambalo Marvel alikuwa ameshalichukua mezani kwangu, na kulisukuma mbele yangu.

"Robo dola, Verlyn," akasema, na sasa watu wakacheka mpaka mchungaji akashuka ngazi kuuliza kuna nini.